Mawese huvuka ziwa, mali nyingine hubaki jalalani

Mfanyabiashara anayenunua mawese Rumonge anaijua hesabu ya dumu kuliko hesabu nyingine yoyote. Anajua bei ya msimu wa mavuno na bei ya msimu wa uhaba. Anajua gharama ya kulifikisha dumu Bujumbura kwa Barabara ya Taifa namba 3, na anajua faida itapanda au itashuka kiasi gani mzigo ukivushwa ng'ambo. Kitu kimoja tu hakimo katika hesabu yake, nacho ni lile lundo linalobaki nyuma ya kinu.

Lundo hilo linaonekana kila penye kinu cha kukamulia, kuanzia vijiji vya kaskazini ya Rumonge hadi Nyanza-Lac. Kuna vichala vitupu vilivyokwisha kupukuchuliwa chikichi, kuna nyuzi zilizobaki baada ya kukamua, na kuna maganda magumu yaliyopasuliwa ili kutoa mise. Sehemu ya mabaki hayo huingia motoni kuchemshia chikichi za mzigo unaofuata. Sehemu nyingine hurudi shambani. Inayobaki huachwa ioze, ikusanye nzi, au huchomwa ili tu nafasi ipatikane.

Mfanyabiashara huyohuyo akifika sokoni na sabuni, unga au ndagala, anahitaji mfuko wa kumfungia mteja. Mfuko wa plastiki alioutumia zamani sasa ni kosa la kisheria karibu kila anakovuka. Rwanda iliupiga marufuku mwaka 2008. Kenya ilifuata Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019. Burundi ilitoa amri ya Rais Agosti 2018, ikawapa watu miezi 18 ya kujiandaa. Kwa hiyo eneo zima linatafuta kifungashio kingine, na cha kwanza kinachotajwa ni karatasi. Karatasi ni nyuzi za mmea zilizotenganishwa na gundi yake. Nyuzi za namna hiyo ndizo zinazooza nyuma ya kinu.

Hoja iliyopo ni rahisi kuisema, ingawa si rahisi kuitekeleza. Ukanda wa ziwa wa Burundi, pamoja na majirani zake wa Kigoma na Fizi, unapaswa kuanza kuvitenganisha vilivyomo ndani ya mchikichi badala ya kuuza mafuta na kutupa mengine. Lakini uanze kwa njia ambayo haitaligeuza Ziwa Tanganyika kuwa shimo la maji machafu. Njia hiyo ipo, na wanaoweza kuianza mapema kuliko wote ni wafanyabiashara wenyewe.

Vitu vitatu ndani ya mti mmoja

Mti wowote, uwe msonobari, mkaratusi au mchikichi, umejengwa mfano wa nyumba ya fito na udongo. Fito ni selulosi, yaani nyuzi imara ambazo zikisafishwa huwa nyeupe. Kamba zinazofunga fito ni hemiselulosi, ambayo ni sukari zilizoungana kwa minyororo mifupi. Udongo uliokandikwa juu ya fito na kamba ni lignini, gundi ya rangi ya kahawia inayoufanya mti usimame na usioze upesi. Katika mti wa kawaida uliokauka, selulosi huwa asilimia 40 hadi 50 ya uzito, hemiselulosi asilimia 20 hadi 30, na lignini asilimia 20 hadi 30. Kichala kitupu cha mchikichi hakiko mbali na viwango hivyo, tena kina potasiamu nyingi.

Anayechoma kuni anavichoma vyote vitatu kwa bei moja, bei ya kuni. Anayevitenganisha anaweza kuviuza kwa bei tatu. Selulosi hutoa karatasi na maboksi, na hata nguo: muuza mitumba akisoma lebo yenye neno viscose, ameshika kitambaa kilichotokana na mti. Kiwanda cha Saiccor kilichoko Umkomaas, Afrika Kusini, ni kimojawapo cha vikubwa duniani vinavyotengeneza selulosi ya kazi hiyo. Hemiselulosi ikivunjwa hutoa sukari zinazotumika viwandani. Lignini huchomwa kutoa nguvu, huingia katika gundi, husaidia zege kumiminika vizuri, na hutumika kutuliza vumbi la barabara. Nchini Norway, kampuni ya Borregaard katika mji wa Sarpsborg hutoa ndani ya lignini ya miti ya jamii ya msonobari kiungo kiitwacho vanilini, ambacho ndicho ile harufu ya vanila inayonukia kwenye biskuti.

Hayo yote hayatafika Rumonge kesho, na hakuna haja ya kujidanganya. Yanatajwa ili ieleweke kwamba kinachoitwa taka upande huu wa ziwa, kwingine kina wanunuzi wa aina tatu.

Webuye na Mgololo

Afrika Mashariki haianzi leo. Mwaka 1974 kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza kutengeneza karatasi huko Webuye, magharibi mwa Kenya, kikiwa ni ubia wa serikali ya Kenya, kundi la Birla la India na shirika la fedha la Benki ya Dunia. Mwaka 1985 Tanzania nayo ikawasha kiwanda cha Southern Paper Mills huko Mgololo, Mufindi, kikitegemea misonobari ya shamba la serikali la Sao Hill. Hapo ndipo mti wa Afrika Mashariki ulipotenganishwa kwa kiwango kikubwa.

Kazi ya viwanda hivyo haina siri. Magogo hukatwakatwa kuwa vipande vidogo, vikapikwa katika chungu kikubwa kilichofungwa, pamoja na magadi makali ya sodiamu, kwa joto la nyuzi 170 hivi. Baada ya saa chache lignini huyeyuka na kutoka, selulosi ikabaki. Karibu nusu ya uzito wa mti hubaki kuwa nyuzi za karatasi. Nusu nyingine hutoka kama maji meusi, mazito na yenye sumu. Siri ya faida imo katika maji hayo meusi. Kiwanda kamili huyakausha na kuyachoma katika tanuri maalumu. Lignini iliyomo hutoa mvuke na umeme wa kuendeshea mitambo, na dawa zilizotumika hurudishwa kazini. Kiwanda kisichoweza kurudisha dawa zake hununua dawa mpya kila siku na kutupa sumu kila siku.

Viwanda vyote viwili vilipata mitihani. Pan Paper ilifungwa mwaka 2009 ikiwa imelemewa na madeni, na mji wa Webuye uliokuwa umejengeka juu ya mishahara yake ukapoa. Kabla ya hapo wakazi walikuwa wamelalamika miaka mingi juu ya harufu yake na juu ya maji machafu katika Mto Nzoia, unaoingia Ziwa Victoria. Mwaka 2016 kiwanda kilichukuliwa na kundi la Rai. Kile cha Mgololo nacho kilisimama, kisha kikabinafsishwa katika miaka ya 2000, kikawa Mufindi Paper Mills chini ya kundi hilohilo, na karatasi yake ngumu ya kahawia ndiyo ya aina inayoshonewa mifuko ya saruji.

Rumonge ina mambo mawili ya kujifunza hapo. La kwanza ni kwamba kiwanda kikubwa kinahitaji msitu mkubwa, umeme usiokatika na mtaji wa dola milioni nyingi. Ukanda wa ziwa wa Burundi hauna msitu wa kukatwa kwa kazi hiyo. Misitu iliyobaki, kama Kigwena na ile ya miombo ya Rumonge na Vyanda, ni hifadhi na tayari imebanwa na mashamba na wakata kuni. Yeyote atakayekuja na ahadi ya kiwanda cha karatasi kinachokula miti ya asili ya eneo hilo aulizwe kwanza miti hiyo ataipanda wapi. La pili ni kwamba kazi hii haiishii kwenye karatasi. Inaishia kwenye maji meusi, na asiye na jibu la maji meusi hana mradi.

Udogo peke yake si usalama

Wapo watakaosema basi, kama kikubwa hakiwezekani, vianzishwe vidogo vingi. Hapa tahadhari inahitajika. China iliipitia njia hiyo. Maelfu ya viwanda vidogo vya karatasi vilipika majani ya ngano na mpunga kwa magadi, bila tanuri la kurudisha dawa, vikamwaga maji meusi mitoni. Mto Huai uliharibika hadi mwaka 1996 serikali ikaamuru kufungwa kwa viwanda vyote vya aina hiyo vyenye uwezo wa chini ya tani 5,000 kwa mwaka. Watu waliopata riziki humo waliipoteza, na mito ilikuwa imekwisha kuumia.

Kosa hilo likifanywa Rumonge, gharama yake itakuwa kubwa zaidi. Mto unaweza kujisafisha ndani ya miaka michache ukiachwa kuchafuliwa. Ziwa Tanganyika haliwezi. Lina kina cha mita 1,470 hivi, la pili duniani, na mto mmoja tu ndio unaoyatoa maji yake, nao ni Lukuga upande wa Kalemie. Sehemu kubwa ya maji hutoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke hauchukui uchafu. Tena oksijeni ya ziwa iko katika tabaka la juu tu, mita 100 hadi 200 hivi. Chini ya hapo samaki hawezi kuishi. Ndagala na mukeke, ambao Kigoma huitwa dagaa na migebuka, wanaishi ndani ya ngozi hiyo nyembamba ya maji. Maji meusi ya lignini na sukari yakimwagwa, vijidudu huyala na kutumia oksijeni ileile ambayo samaki anaihitaji.

Wavuvi tayari wana shida ya kutosha. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaane. Haitakuwa na maana kuwaomba wavuvi wavumilie miezi mitatu bila nyavu huku mtengeneza mifuko akiwaua vifaranga vya samaki kwa bomba lake.

Jivu linaweza kuwa jibu

Jibu la maji meusi, kwa kazi ndogo, linaweza kuwa ndani ya kichala chenyewe. Kichala kitupu kikikaushwa na kuchomwa hutoa jivu lenye potasiamu nyingi. Katika Afrika Magharibi, watengeneza sabuni wa Nigeria na Ghana wamelitumia jivu hilo kwa vizazi vingi: hulichuja kwa maji, maji hayo makali wakayapika na mafuta, ikatoka sabuni nyeusi. Watengeneza sabuni wa Rumonge, wanaonunua kostiki soda iliyotoka nje ya nchi, wanajua vizuri kazi ya maji makali ya namna hiyo.

Maji makali yanayogeuza mafuta kuwa sabuni ndiyo hayohayo yanayoyeyusha lignini. Maji ya jivu yakichanganywa na chokaa huzidi ukali, na mashapo meupe hutuama chini na kuachwa. Vichala vilivyooshwa mafuta na kupasuliwa vikipikwa humo kwa saa kadhaa katika pipa la chuma, hulainika. Vikisuuzwa na kutwangwa vizuri, hutoa uji wa nyuzi unaoweza kutandazwa kwenye wavu na kuwa karatasi nzito ya kahawia, au kukandamizwa kwenye umbo na kuwa trei ya mayai. Si karatasi ya daftari la mwanafunzi. Ni karatasi ya mfuko, ya kizigeu cha boksi na ya kufungia sabuni.

Karatasi ya mkono si jambo geni katika eneo hili. Huko Iringa, karakana za Neema Crafts zilianza mwaka 2003 na vijana viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi kwa mkono, hata kwa kinyesi cha tembo, kwa kuwa tembo huacha ndani yake nyuzi ambazo tumbo halikuzimaliza. Kama kinyesi cha tembo kimeuzika, kichala cha mchikichi hakihitaji kuombewa radhi.

Tofauti kubwa iko kwenye maji yanayobaki. Magadi ya sodiamu yakimwagwa shambani huharibu udongo, ndiyo maana hayana pa kwenda isipokuwa tanuri au mto. Maji ya jivu yana potasiamu, na potasiamu ni chakula ambacho mchikichi unakihitaji kwa wingi. Maji meusi ya kazi hii yakilowekwa katika lundo la mboji, na mboji hiyo ikapelekwa shambani kwa kipimo, potasiamu hurudi ilikotoka, na lignini huungana na udongo badala ya kuingia ziwani. Jambo hili lisichukuliwe kwa imani tu. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Burundi, ISABU, na Chuo Kikuu cha Burundi wana watu wa kupima kipimo gani kinafaa na kipi kinaunguza mizizi. Upande wa Tanzania, kituo cha TARI Kihinga mkoani Kigoma ndicho kilichopewa kazi ya mchikichi, na udongo wa Kigoma hauko mbali na huu.

Hesabu ya tani moja

Mfanyabiashara hatasikiliza maneno bila tarakimu, na ana haki. Tani moja ya mikungu mibichi ya mchikichi huacha vichala vitupu kilo 200 na zaidi kidogo, nyuzi za kukamuliwa zaidi ya kilo 100, na maganda magumu kilo 50 hadi 70. Mabaki magumu kwa hiyo ni mazito kuliko mafuta yanayotoka, maana hata kinu cha kisasa hutoa mafuta kilo 200 hivi kwa tani, na kinu cha kienyeji hakifiki hapo.

Vichala vitupu vina maji mengi, zaidi ya nusu ya uzito. Kilo 220 zikikaushwa hubaki kilo 80 hivi. Zikipikwa na kusuuzwa, chini ya nusu ndiyo itakayobaki kuwa nyuzi za karatasi, tuseme kilo 35. Mfuko mdogo wa gramu 10 ungetoka katika hizo mara 3,500. Hiyo ni hesabu ya juu kabisa, bila kuondoa nyuzi zinazopotea, karatasi zinazoharibika, wala vichala vitakavyochomwa ili kupata jivu. Ipunguzwe kwa nusu, bado ni mifuko zaidi ya 1,500 kutoka katika lundo la tani moja ya mikungu ambalo leo bei yake ni sifuri.

Hesabu hiyo pia inaonyesha mipaka. Faida haitatoka kwenye mfuko mmoja mmoja. Itatoka kwa yule atakayekusanya vichala vya vinu vingi mahali pamoja, akavikausha jua la kiangazi, na kupunguza gharama ya kubeba maji barabarani. Kazi ya kukusanya kidogokidogo kutoka kwa wengi na kuuza kwa jumla ndiyo kazi ambayo wafanyabiashara wa mipakani wanaifanya kila siku kwa mihogo, mahindi na ndagala.

Pingamizi zenye uzito

Pingamizi la kwanza ni la kuni. Vinu vingi huchemshia chikichi kwa nyuzi na maganda ya mzigo uliopita. Vikichukuliwa kwa ajili ya karatasi, mwenye kinu atakwenda kukata miti, na Kigwena italipa. Pingamizi hili ni la kweli, na ndiyo sababu nyuzi za kukamuliwa na maganda yaachwe motoni. Yana mafuta, yanawaka vizuri, na hayafai sana kwa karatasi. Kinachotakiwa ni kichala, ambacho kikiwa kibichi hutoa moshi kuliko moto.

Pingamizi la pili ni la shamba. Wakulima wanaorudisha vichala chini ya michikichi wanafanya jambo jema, na wasihimizwe kuacha. Mfanyabiashara anunue vile vinavyorundikwa kinuni na kuoza au kuchomwa bure. Tena makubaliano yawe kwamba mkulima anayeleta vichala anarudi na mboji. Shamba likinyimwa potasiamu leo, mawese yatapungua baadaye, na hapo aliyeuza kichala atakuwa ameuza mkungu bila kujua.

Pingamizi la tatu ni la soko. Karatasi ya viwanda vikubwa ni nyororo na huja kwa bei ambayo karakana ndogo haiwezi kushindana nayo. Kweli tupu. Lakini karatasi hiyo hulipwa kwa fedha za kigeni, ambazo Burundi imekuwa ikizikosa, na husafirishwa kwa mafuta ya gari, ambayo nayo yamekuwa yakisubiriwa kwa foleni. Kinachotengenezwa umbali wa kilomita chache kutoka sokoni kina nafuu ambayo haimo katika bei ya kiwandani. Hata hivyo, yasianze mashindano ya karatasi nyororo. Trei za mayai, mifuko mizito ya kufungia sabuni na karatasi za kutenga bidhaa ndani ya boksi ndiyo milango inayofunguka kwa mtaji mdogo.

Mpaka usiwe ukuta

Mchikichi haujui mpaka. Uko Rumonge na Nyanza-Lac, uko Kigoma, uko Fizi na Uvira. Lundo la vichala ni moja, limekatwa tu na ziwa na mistari ya ramani. Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, Tanzania ni mwanzilishi, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia mwaka 2022. Chini ya utaratibu wa jumuiya wa biashara ndogo, mzigo wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya na usiozidi dola 2,000 za Marekani huvuka kwa Cheti Rahisi cha Asili ya Bidhaa bila kulipa ushuru wa forodha. Mfuko uliotengenezwa kwa kichala cha Rumonge, jivu la Rumonge na mikono ya Rumonge hauhitaji mjadala mrefu juu ya asili yake pale Mugina na Manyovu. Mfuko ulioshonwa kwa karatasi kutoka ng'ambo ya bahari una maswali mengi zaidi.

Ubora nao una njia yake. Ofisi ya viwango ya Burundi, BBN, na ile ya Tanzania, TBS, ndizo zinazoamua mfuko gani ufungie chakula na upi uishie kwenye sabuni. Ni afadhali sampuli zipelekwe huko zikiwa kumi kuliko mzigo uzuiwe mpakani ukiwa elfu kumi.

Sheria ya maji meusi ndiyo inayohitaji sauti ya pamoja kuliko zote. Nchi nne za ziwa, yaani Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulitunza mwaka 2003, na chombo chake, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, kina makao Bujumbura. Chombo hicho ndicho mahali pa kuweka kanuni moja mapema, kabla karakana ya kwanza haijajengwa: hakuna anayepika nyuzi bila shimo lililosakafiwa la kukusanyia maji yake, na hakuna bomba linaloelekea mtoni. Kanuni ikiwa ngumu Rumonge na legelege ng'ambo, karakana zitahamia kwenye ulegevu, na uchafu utarudi Rumonge kwa mawimbi.

Wafanyabiashara hawana haja ya kusubiri kanuni hiyo ili waanze hatua ya kwanza, kwa sababu hatua ya kwanza haina dawa wala pipa. Ushirika mmoja wa wanunuzi wa mawese, na wengi wao ni wanawake, utangaze bei ya kichala kikavu na kisafi, hata iwe faranga chache kwa kilo. Siku kichala kitakapopata bei, mwenye kinu atakianika badala ya kukirundika, na kila mtu atajua kiasi gani kinapatikana kwa mwezi. Hatua ya pili iwe pipa moja la majaribio, mbali na maji, likisimamiwa na mtu anayejua hatari ya maji makali kwa macho na ngozi, huku ISABU wakipima mboji yake na ofisi ya mazingira ya Burundi, OBPE, ikialikwa kuona shimo lake. Hatua ya tatu, ya mitambo na mikopo, isije kabla ya hizo mbili kutoa majibu.

Mchuuzi wa Rumonge ameshazoea kununua kwa macho. Hununua mawese kwa rangi na ndagala kwa mng'aro. Msimu ujao wa mavuno, akienda kinuni kufuata dumu lake, azunguke nyuma pia, alitazame lile lundo, na amuulize mwenye kinu analiuza kwa kiasi gani.